Upanga Uliorudi Mkononi

Baba Mkubwa hajawahi kushika upanga maisha yake yote. Alichoshika ni mkasi. Lakini ukitaka aache kazi, avue miwani, na suruali ya mteja ibaki mezani na mguu mmoja, muulize swali moja tu: katika filamu zote alizoziona, ni pambano gani la upanga lililo bora? Hapo umempata, na wewe mwenyewe umepatikana, kwa sababu huondoki mpaka amalize.

Alikuwa na sheria zake. Pambano ambalo huoni miguu ya wapiganaji ni udanganyifu mtupu, maana mtu hupigana kwa miguu na mkono unafuata tu. Pambano ambalo hakuna anayechoka wala kuhema, nalo takataka. Wale wanaorukia mataa ya darini na kubembea aliwavumilia, ila alisema ni watu wa sarakasi waliopotea njia. Alilipenda pambano la jikoni, ambapo mpishi mnene anajikinga kwa mfuniko wa sufuria huku anaonja mchuzi. Alilipenda la ghalani, ambapo mishumaa inakatwa mmoja baada ya mwingine mpaka unabaki mlio wa vyuma gizani. Alilipenda sana la wazee wawili juu ya ukuta wa ngome, wanaopumzika katikati ya ugomvi na kupeana maji, kisha wanaendelea kutafutana roho.

Hayo yote yalikuwa ya kupasha mdomo moto. Lililotawala lilikuwa pambano la ngazi, na hilo halikusimuliwa kwa kukaa. Alisimama, akachukua rula ndefu ya mbao tunayopimia vitambaa, nasi tukaondoa vikombe.

"Ngazi ya mawe, inajikunja," alisema. "Steringi yuko chini, adui yuko juu. Wanapanda, wanashuka, jasho linawatoka. Steringi anampiga adui pa! Upanga wa adui unaruka, unaangukia miguuni pa steringi. Sasa mtu kaisha. Mikono mitupu, mgongo ukutani. Ukumbi mzima tunapiga kelele, mmalize! Na yule bwana anafanya nini? Anautia mguu upanga, anaurusha, unapaa mpaka kwenye mkono wa adui. Anamrudishia! Picha yenyewe pale inatetemeka, kama haiamini. Adui anautazama upanga wake, anauinua mbele ya uso hivi, anamsalimu. Basi. Steringi anafungua mlango, anaondoka zake. Hakufa mtu."

Nimeisikia hadithi hiyo tangu nikiwa mtoto wa kutambaa chini ya meza ya kukatia. Na nina sababu ya kuipenda zaidi ya wengine. Babu alipofariki, Baba na Baba Mkubwa waligombania duka hili la kushona mpaka wakawa hawasalimiani. Ukoo ukakaa, ukaamua duka ni la mkubwa. Baba akafungasha sindano zake. Kesho yake asubuhi Baba Mkubwa akaja kwetu, akasimama mlangoni, akauweka ufunguo wa duka juu ya ncha ya kiatu chake na kuurusha kwa Baba. Hakuwa na shabaha. Ufunguo ulimpita Baba sikioni, ukaligonga birika la Mama likabonyea. Baba Mkubwa akasema, "Okota, twende kazini." Walishona bega kwa bega mpaka Baba alipofariki, na kiti ninachokalia leo ni chake. Birika tunalo hapa dukani, na bonde lake ubavuni.

Sasa mambo yakaanza kuharibika. Baba Mkubwa aliacha pasi juu ya suruali ya harusi ya watu ikatoboka. Akampa mteja koti la mteja mwingine, akabishana naye kwamba ni lake. Siku moja akaniita kwa jina la mama yangu, na mimi nikaitika ili yapite. Binti yake, ambaye namwita Dada, ni mwalimu wa udereva katika mji mwingine. Ni mwanamke mzuri, ila ameshazoea kukanyaga breki kwa niaba ya watu. Hata akikaa kwenye kiti cha kawaida, mguu wake wa kulia unatafuta breki ya pili, ile ya upande wa mwalimu.

"Baba, acha mkasi," alimwambia. "Twende ukakae kwangu. Chumba kipo."

"Mkasi nikiuacha, nishike nini?"

 Sote tulijua Dada anachokiogopa, maana Baba Mkubwa alikiogopa zaidi yake. Bibi yetu, mama yake mzazi, alimaliza maisha yake hawajui watoto wake. Alimpokea Baba Mkubwa kila siku kama fundi aliyeletwa kurekebisha mlango. Yeye ndiye aliyemuuguza, na kila siku aliutazama huo mlango kama kweli ndio uliomleta.

"Baba," Dada akasema polepole, "vitu vingine unavitunga bila kujua. Hata hiyo filamu yako ya ngazi. Umewahi kukutana na mtu mwingine aliyeiona hivyo?"

Wenzake aliokwenda nao sinema walikuwa wameshatangulia mbele ya haki, Baba akiwa mmoja wao. Baba Mkubwa alivaa miwani yake, jambo ambalo halifanyi akiwa anazungumzia filamu.

"Itafuteni," alisema. "Upanga usiporudi mkononi, mkasi nitautoa mwenyewe na nitaingia kwenye gari lako bila neno."

Mimi nina ugonjwa wa kutaka kujua, tena usio na dawa. Siku hiyo hiyo nikaenda kwa Maktaba. Maktaba anauza filamu kwenye kibanda kisichomtosha tumbo, na jina hilo amelipata kwa sababu hakuna filamu aliyoiona akaisahau.

"Mapanga membamba au ya kupinda?" akaniuliza.

"Membamba."

"Kofia zina manyoya?"

"Zina manyoya. Kuna ngazi ya mawe, inajikunja."

"Ngazi zote za mawe zinajikunja, dada yangu, ndiyo kazi yake. Adui ana ndevu gani?"

Nikakumbuka. "Zimechongoka. Na ana glavu moja tu, nyeusi."

Maktaba akafumba macho kama anayetafuta funguo mfukoni, kisha akacheka. "Ninayo hiyo. Ila dada yangu, kwenye hiyo harudishiwi mtu kitu."

Sikutaka kumsikia. Nikambeba yeye na kompyuta yake mpaka dukani, tukaiweka juu ya meza ya kukatia, kati ya vifungo na chaki. Baba Mkubwa alivaa shati safi. Dada alikaa ukingoni mwa kiti, mguu tayari kwenye breki yake ya hewani.

Ngazi ilikuwepo. Glavu moja nyeusi ilikuwepo. Kabla hawajagusana, adui aliinua upanga mbele ya uso na kumsalimu steringi, na Baba Mkubwa akashtuka kidogo. Wakapanda, wakashuka, wakahema vizuri kabisa. Upanga wa adui ukamtoka, ukaanguka miguuni pa steringi. Baba Mkubwa akasimama. Mguu wake mwenyewe ulikuwa umeinuka kidogo kutoka sakafuni.

Steringi akamchoma adui tumboni, akamwacha ateleze ukutani, akafungua mlango na kuondoka.

"Rudisha nyuma," akasema Baba Mkubwa. Maktaba akarudisha. Adui akafa tena. Akarudisha tena, akafa tena, mpaka Dada akafunga kompyuta kwa mkono wake na machozi yakamlenga. Ushindi ule haukuwa na utamu wowote kwake.

Baba Mkubwa aliuchukua mkasi, akaugeuza, akampa Dada upande wa mpini, kama alivyotufundisha sote kupokezana mkasi. Kisha akanigeukia mimi.

"Kama hilo sikuliona," alisema, "basi baba yako je? Ule ufunguo nilimrudishia kweli, au nalo nilijitungia?"

"Ulimrudishia, Baba Mkubwa. Nilikuwepo. Birika lile pale."

"Birika linaweza kubonyezwa na chochote."

Sijawahi kumwona mtu akiogopa namna ile akiwa amekaa kimya. Nilitaka kumkumbatia, nikaishia kumchemshia chai.

Siku zilizofuata, Dada alipokuwa akifungasha nguo za Baba Mkubwa, mimi nilishona na kuwaza. Kitu kimoja kilikuwa kinanikera kama uzi uliobaki ndani ya kola. Mtu akitia chumvi, hutia chumvi nzuri. Anaongeza farasi, anaongeza moto. Nani anatunga pambano lake analolipenda kuliko yote, halafu analitia dosari? Picha inatetemeka, alisema, kila mara, tangu nikiwa mtoto. Kwa nini itetemeke?

Na ile salamu. Salamu haikuwa ya kutunga, niliiona kwa macho yangu, uso ule ule, glavu ile ile. Ila ilikuwa mwanzo wa pambano, naye aliiweka mwisho. Nilikuwa nahamisha mfuko wa koti la mtu wakati wazo hilo linanijia. Mfuko ukihamishwa, kitambaa hakibadiliki, mahali ndipo panapobadilika, na fundi akipitisha kidole anausikia mshono wa zamani. Nikauacha mkono wangu juu ya koti. Kutetemeka kule kulikuwa mshono! Kuna mtu alikuwa ameikata ile filamu na kuishona upya, na hakuwa Baba Mkubwa.

Sikusema kitu, maana nilishampa matumaini mara moja na nikaona yalivyomfanya. Sanduku likaingia kwenye gari la Dada, lile lenye kibao cha wanafunzi juu ya paa. Baba Mkubwa akakaa nyuma na birika mapajani, kitu pekee alichotaka kuondoka nacho dukani. Tulipokaribia barabara kuu nikasema, "Dada, kunja hapo kwanza. Simama kwenye duka la magodoro."

"Godoro lipo nyumbani."

"Simama tu."

Akakanyaga breki, tukasimama. Duka la magodoro ndilo lililokuwa jumba la sinema. Sakafu bado inateremka kuelekea mahali palipokuwa na kitambaa cheupe, kwa hiyo magodoro yote yameegemea mbele kama watazamaji. Nikamuuliza muuzaji nani alikuwa anaendesha mashine za picha zamani. Alinyoosha kidole juu tu. Kwenye ukuta wa nyuma, karibu na dari, palikuwa na vidirisha viwili vya mraba, na kwenye kimoja kulikuwa na uso wa bibi anatutazama.

"Kama ni magodoro, hapo hapo chini!" akapaza sauti. "Kama ni mimi, pandeni!"

Wanamwita Bi Mashine. Ni mdogo kwa umbo, ila sauti yake ilizoea kushindana na mashine na haijajua kwamba zimezimwa. Anaishi katika chumba kile kile alichofanyia kazi, na kitanda kipo mahali palipokuwa na mashine ya kushoto. Tukampa shikamoo, akatuitikia, akatukalisha kitandani watatu kwa safu. Baba Mkubwa alilikumbatia birika lake bila kuinua macho.

"Bibi," nikasema, "tunaulizia filamu moja ya mapanga. Ya ngazi. Adui ana glavu moja."

Bi Mashine akaweka mikono kiunoni. "Nani kawatuma? Wenye filamu? Miaka yote hii, ndiyo wanakumbuka kunishtaki?"

Nikasogea ukingoni mwa kitanda. "Wakushtaki kwa lipi?"

"Kwa kuikata."

Dada aligeuka akanitazama. Baba Mkubwa aliinua kichwa.

"Mashine yangu ya kushoto ilikuwa na njaa," akaanza Bi Mashine, naye kumbe alikuwa anasubiri kuulizwa kwa miaka. "Siku ya kwanza kabisa inaonyeshwa, ikautafuna mkanda pale pale steringi anapomuua adui. Yaani kipande chote kikawa tambi. Nikaunganisha nilichoweza. Sasa watu wanaona upanga unaanguka, halafu steringi anafungua mlango anaondoka. Adui kaenda wapi? Hayupo! Kayeyuka! Walitupa viatu, mwanangu. Kiatu kimoja kikatoboa kitambaa cha picha. Mwenye jumba akaniambia, kesho adui asipoonekana anaishia wapi, na wewe usionekane."

"Ukafanyaje?" akauliza Dada. Mguu wake ulikuwa umetulia.

"Nilikuwa na tangazo la filamu, kile kipande kifupi wanachotuletea kabla ya filamu yenyewe. Ndani yake kuna upanga unaanguka. Nikasema, kama sina adui anayekufa, nitafute namna aondoke kwa heshima. Mkanda ukiugeuza wote, watu wanasimama kwa vichwa. Kwa hiyo nikakata picha moja moja, nikazipanga ya mwisho mbele na ya kwanza nyuma, nikaziunga kwa selotepu. Upanga uliokuwa unaanguka, ukapanda. Toka mguuni pa steringi mpaka mkononi mwa adui. Halafu nikachomoa ile salamu ya mwanzo, nikaipachika mwisho. Nikaomba Mungu."

"Ikatetemeka," akasema Baba Mkubwa.

Bi Mashine alimtazama kwa mara ya kwanza. "Lazima itetemeke, selotepu kila picha. Ulikuwepo?"

"Nilikaa upande wa kulia, karibu na nguzo. Na mdogo wangu."

"Basi ulikuwa miongoni mwa wale waliosimama. Ukumbi mzima ulisimama. Nilichungulia pale kwenye kidirisha nikadhani wanasaka viatu tena. Kumbe wanapiga makofi." Akapangusa pua. "Filamu ilipoondoka nikairudisha salamu mahali pake, nikabandua kipande changu. Cha tangazo hakikudaiwa na mtu. Kile pale."

Akaelekeza kidole kwenye dirisha la nje. Pazia lilikuwa limevutwa pembeni na kufungwa kwa utepe mweusi unaong'aa, na mimi, fundi wa nguo, tangu niingie nilikuwa nautazama nikijiuliza ni kitambaa gani kile. Bi Mashine akaufungua. Pazia likaanguka, akalisukuma, akampa Baba Mkubwa ule mkanda.

Aliunyoosha kwenye mwanga wa dirisha, miwani juu ya paji la uso. Nami nikachungulia begani kwake. Picha ndogo kama kucha, kila moja na mshono wake wa selotepu iliyogeuka manjano. Kwenye ya kwanza upanga uko chini, karibu na kiatu. Kwenye zilizofuata unapanda kidogo, unapanda tena, unafika kwenye glavu nyeusi. Baba Mkubwa aliupitishia wote kidole, polepole, kama anavyokagua mshono wa mwanafunzi. Dada alikuwa amesimama upande wake mwingine, analia bila kujificha.

"Hukutunga, Baba," alisema. "Nisamehe. Hukutunga."

 Yeye alikuwa anamtazama Bi Mashine.

"Kwa hiyo yule steringi," alisema, "hakumrudishia."

"Hakuwahi, baba. Alimmaliza pale pale ukutani. Mimi nilikuwa natafuta tu watu wasinitupie viatu."

Hapo nikaingiwa na hofu mpya. Nilikuwa nimehangaika kumthibitishia kwamba kumbukumbu yake ni nzima, wala sikuwaza kwamba ningemvunjia shujaa wake. Katika jambo kubwa kuliko yote aliyoyafanya duniani, alikuwa amemuiga mtu ambaye hakulifanya. Alikaa kitandani. Akalichukua birika, akatia kidole gumba kwenye bonde la ubavuni, kikakaa sawasawa. Kisha akaanza kutabasamu, kidogo kidogo, na tabasamu likamwenea usoni kote.

"Basi yule hakurudisha," alisema. "Mimi nilirudisha."

 Bi Mashine alitaka kujua amerudisha nini, nikamwambia nitakuja kumsimulia, na nitakwenda kweli, maana naye bado ana ya kunieleza.

Tuliposhuka, Dada alitoa sanduku kwenye buti ya gari, akalifungua pale pale barabarani, akapekua kati ya mashati mpaka akaupata mkasi.

"Pasi aishike mdogo wangu," alisema kwa sauti ya mwalimu. "Hilo sibishani nalo. Na mimi nitakuja kila nikipata nafasi."

"Pasi sikuipenda kamwe," akajibu Baba Mkubwa.

Dada akaugeuza mkasi, akampa upande wa mpini.